Mzee wa Bado

Siku Mzee alipotembea, hakuna aliyekuwa akimtazama. Mimi nilikuwa nakunja nguo, dada yake amelala kifudifudi anachora. Niliponyanyua macho nikamkuta katikati ya chumba, mbali na kiti alichokuwa amekishikilia muda mfupi kabla, mikono ameitanua kama anayevuka mto juu ya gogo. Hakuyumba. Alifika mlangoni, akaugusa, akageuka, akarudi alikotoka. Kisha akaketi na kuendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria, kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa na miezi 16 na siku chache.

Sikushangilia. Nilishikwa na kitu kinachofanana na hasira: kumbe unajua! Wiki sita nzima tulikuwa tukimwona akisimama dede, akiachia kiti kidogo, akitazama sakafu, akikishika tena. Tulimwita kwa midoli, kwa nyimbo, kwa mikono iliyo wazi. Alitutazama kwa huruma, akakaa.

Mzee si jina lake. Tulimpachika kwa sababu ya uso wake. Tangu akiwa na miezi michache alikuwa akimkazia mgeni macho kama hakimu anayengoja shahidi amalize kujikanyaga. Wengine walikuwa wanajishtukia kabisa. Shemeji yangu mmoja aliwahi kumrudisha mikononi mwangu akisema, "Shemeji, mchukue, huyu ananijua."

Dada yake, anayemzidi miaka mitatu, ni mtu wa namna nyingine. Yeye alitembea akiwa na miezi kumi na nusu, na kutembea kwenyewe kulikuwa kuanguka kwenda mbele. Kipaji cha uso hakikukosa nundu mwaka mzima. Kuna watafiti wa New York, Karen Adolph na wenzake, walioketi kuhesabu jambo hili na kulichapisha mwaka 2012: watoto wa miezi 12 hadi 19, wakiachwa wacheze watakavyo, walipiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Kwa dada yake niliisadiki takwimu hiyo hapo hapo. Mzee je? Mzee hakuanguka mara 17 kwa wiki. Kila alipofika palipo na kitu asichokielewa, mkunjo wa mkeka, kizingiti, kivuli, alisimama kwanza, akainama, akapagusa kwa mkono.

Kiswahili kina ngazi yake ya ukuaji, na naipenda kwa sababu kila kidato kina neno lake: mtoto hukaa kitako, husota, hutambaa, husimama dede, huenda tata, kisha humalizika amani ndani ya nyumba. Mzee alifika kwenye kusota akaona panamtosha. Hakutambaa hata siku moja. Alijivuta kwa makalio, mguu mmoja ukipiga kasia, mikono yote miwili ikiwa huru kubeba vitu. Mimi nikaona ni akili. Mama yangu hakuona hivyo.

"Mwanangu, huyu mtoto mpeleke aangaliwe mgongo."

"Mama, mgongo wake mzima. Anakaa wima kuliko mimi."

"Sijasema haukai. Nimesema mpeleke."

Nilimpeleka, mgongo ukaonekana mzima. Lakini nilianza kusoma, na nilichokisoma kilinituliza zaidi ya daktari. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wenye afya njema kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ukaandika ni lini kila mmoja alikaa, alisimama, alitembea. Badala ya kutoa tarehe moja, walitoa kile walichokiita dirisha. Dirisha la kutembea bila kushikwa linafunguka miezi 8.2 na kufungwa miezi 17.6. Ni zaidi ya miezi tisa! Mtoto mmoja anaweza kuwa anakimbiza paka na mwenzake wa umri ule ule amekaa kitako anamtazama paka huyo, na wote wawili wako ndani ya dirisha. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walipita njia nyingine, wakafika.

Hata Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipopitia upya orodha zake za hatua za ukuaji mwaka 2022, kutambaa kuliondolewa. Mabadiliko mengine ya mwaka ule ndiyo yaliyonifungua macho. Kila hatua iliwekwa kwenye umri ambao angalau watoto 75 katika 100 wanatarajiwa kuwa wameifikia, ilhali orodha nyingi za zamani zilifuata umri wa katikati, ambao nusu ya watoto wanakuwa hawajafika. Fikiria wazazi wangapi walilala macho kwa sababu mtoto wao alikuwa nusu ya pili.

Nilipakua programu yao kwenye simu. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua: ndiyo, sina uhakika, bado. Hakuna "hapana." Hilo lilinigusa kuliko nilivyotegemea, labda kwa sababu mimi ni mtu wa Kiswahili na "bado" kwetu ni neno zima, lina mlango wake wa kutokea. Ukimuuliza mtu kama amekula akakujibu "bado," hujamsikia akisema hatakula. Nikawa nabofya bado, bado, bado, kwa moyo mkunjufu. Baadaye nilijifunza kwamba moyo wangu ulikunjuka mno.

Kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshapata nadharia. Alexander Thomas na Stella Chess, mume na mke, wote madaktari wa magonjwa ya akili, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto kadhaa huko New York tangu uchanga, wakiwahoji wazazi mambo madogo madogo: anapokutana na kitu kipya anakisogelea au anarudi nyuma? Analala na kuamka kwa saa zinazotabirika? Analia kwa nguvu kiasi gani? Kutokana na majibu waliona makundi matatu ya hulka. Kama watoto 40 katika 100 walikuwa wepesi, 10 walikuwa wagumu, na 15 walikuwa wale ambao jambo jipya huwarudisha nyuma kwanza, kisha taratibu wakilizoea huingia. Waliobaki, 35, hawakuingia kwenye kundi lolote, na huwa nafurahi kwamba waliachwa hivyo hivyo bila kusukumizwa popote.

Kundi lile la 15 nililisoma kama barua iliyoandikiwa nyumba yangu. Huyu ni Mzee! Nikampigia dada yangu simu kumsomea. Kila kitu kikapata maelezo: kutotambaa, kusimama dede wiki sita, kumkazia mgeni macho. Kiswahili hutofautisha hulka na tabia, hulka ni ile mtu anayozaliwa nayo na tabia ni ile anayoizoea, nami nikaamua kwamba kwa huyu mtoto kila kitu ni hulka. Ni starehe kubwa, nadharia. Inakupumzisha kutazama.

Alipofikisha miezi 18 alikuwa na "mama" na "ba." Hiyo "ba" ilikuwa baba, mpira, na mlango unapofunguliwa. Orodha ilitaja maneno matatu au zaidi, tena mbali na kuita mama na baba. Bado, nikabofya. Hataki kusema mpaka awe na uhakika. Atanyamaza, kisha siku moja atatutolea sentensi nzima, kama alivyotutolea kutembea.

Na kila mtu alinisaidia kukosea. Mtoto asiyesema sana, asiyegeuka kila anapoitwa, anayekaa peke yake na vifuniko vyake saa nzima, sisi tuna neno kwa ajili yake, nalo ni sifa: mtulivu. "Una bahati, mtoto mtulivu hivi." Nani anampeleka hospitali mtoto kwa sababu ni mtulivu? Mtundu ndiye anayelalamikiwa, mkaidi ndiye anayeombewa. Mhudumu mmoja wa afya niliyemtajia uchache wa maneno alijibu bila kuinua kichwa kwamba wavulana huchelewa kusema, tusubiri. Ni kweli wasichana kwa wastani hutangulia, lakini hutangulia kidogo tu, na tofauti ndogo ya wastani haielezi ukimya wa mtoto mmoja. Wakati ule hilo sikulijua. Au tuseme sikutaka kulijua, maana jibu lake lilikubaliana na langu.

Aliyegundua ni dada yake. Walikuwa wanacheza, akaja kushtaki.

"Mama, Mzee anajifanya hasikii."

"Labda hataki kucheza."

"Anataka. Nikimgusa anasikia."

Nilitaka kucheka. Nikimgusa anasikia. Kisha nikasimama nyuma ya Mzee, nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikatikisa funguo, akageuka. Nikangoja, nikaita tena kwa sauti ya chini kidogo. Kimya. Kisha nikaja mbele yake, akaniona mdomo ukichezacheza, akanikazia macho yale yale ya hakimu. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama alikuwa ananipima au anajaribu kunisoma midomo.

Mtaalamu wa masikio tuliyempata alikuwa na maswali kabla ya vifaa. Je, anaonyesha kitu kwa kidole, kisha anakuangalia kuona kama nawe umekiona? Ndiyo, tangu mwaka mmoja. Ukimwambia alete kiatu bila kuashiria, analeta? Nikasita. Akiniona uso, analeta. Je, kuna maneno aliyokuwa nayo akayapoteza? Hapana. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, akanieleza sababu: mtoto kuchelewa ni jambo moja, ila mtoto kuacha alichokuwa ameshakiweza, katika umri wowote, ni jambo la kukimbizwa kwa mtaalamu na si la kusubiriwa. Kile kidole nacho kina uzito wake. Mtoto anayeonyesha kitu ili mkione pamoja ameshaanza mazungumzo, hata kama hana neno.

Kisha akamweka kijibomba kidogo sikioni, kifaa kinachobadilisha msukumo wa hewa na kupima kama kiwambo cha sikio kinacheza. Hakikucheza, kulia wala kushoto. Nyuma ya kiwambo kulikuwa na majimaji. Hayaumi, hayaleti homa, hayatoki nje, kwa hiyo hakuna anayeyaona. Mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, kwa watoto wadogo, ni mfupi na umelala karibu usawa, haumwagi vizuri, na baada ya mafua yasiyoisha majimaji hubaki humo. Mtoto husikia, ila kama aliyezibwa masikio kwa mto. Leo husikia afadhali, kesho kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeliita sikio hulka.

Dawa hatukupewa. Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, na antibiotiki haziyasaidii. Tuliambiwa tuzungumze naye ana kwa ana, karibu, tukiwa tumechuchumaa usawa wa macho yake, tuzime redio na televisheni, tusimwite kutoka chumba kingine, turudi baada ya miezi mitatu. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo bado sijaimaliza. Mama hakuniambia "nilikwambia," ingawa kihalali hakuwa ameniambia hilo, alisema mgongo. Alisema tu, "Sasa mzungumze naye." Kisha akachuchumaa mwenyewe, magoti yakilia, akaanza.

Tuliporudi, sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilifuata wiki chache baadaye, alipokaribia miaka miwili na miezi miwili. Na maneno yakaja, kwa mtindo ambao wazazi wa Kiswahili watautambua. Mkazo wa neno letu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayeanza hushika hapo, sehemu inayong'aa, akaacha iliyobaki. Kofia ikawa "fia." Karatasi ikawa "tasi." Sufuria, pamoja na ile r ambayo ulimi wake ulikuwa haujaiweza, ikawa "lia." Siku mbili nzima Mzee alisimama jikoni akisema "Lia! Lia!" huku uso mkavu kabisa, na sisi tunambembeleza, nani amekuliza, unalia nini. Siku ya tatu alichoka nasi, akanivuta kidole, akanipeleka kabatini, akagonga mlango wa kabati. Lia. Alitamka polepole, kama mtu anayezungumza na wasiosikia vizuri.

Kisha likaja "angu." Viambishi vya ngeli hakuwa navyo, hivyo dunia nzima ilikuwa "angu": kiatu angu, mpira angu, mama angu. Baadaye akaokota "changu" akaipaka kwenye kila kitu, mpira changu, mama changu, na dada yake akawa anamsahihisha kwa ukali wa mwalimu mkuu. Nami niliona jambo. Dada yake, alipokuwa na umri huo, alikuwa akirusha maneno ovyo, akikosea kumi akipatia moja, bila kujali. Mzee alikuwa akinong'ona kwanza. Ungemwona midomo ikijaribu neno upande, akitazama dirishani, kisha analileta. Hapo sikio lilikuwa limeshapona. Nilitegemea kwamba likifunguka, yule mtoto wa kusimama pembeni ataondoka na majimaji yake. Hakuondoka. Tukienda palipo na watoto wengi, anakaa mguuni kwangu dakika ishirini akiwatazama, anajua tayari nani anapiga, nani anagawa, nani analia kwa urahisi, ndipo anaachia. Akishaingia, hatoki mpaka abebwe.

Kwa hiyo ni vyote viwili, na hadi leo siwezi kukuchorea mpaka. Kusimama dede wiki sita, ilikuwa hulka? Masikio yalikuwa tayari yameziba? Sina njia ya kurudi kupima. Ninachojua ni kwamba hulka niliyoipenda kuieleza ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilinidanganya vizuri. Ingekuwa uongo mtupu ningeigundua mapema.

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ninao wawili, nyumba moja, sheria zile zile (nyingi zimevunjwa na yule wa kwanza, nakiri), na wanavyotofautiana wakikasirika peke yake inatosha kunifanya niitazame methali hiyo kwa jicho la upande. Umri huu wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu ndio wa hasira. Mtoto ameshajua anachotaka, maneno hayatoshi, na sehemu ya ubongo inayozuia na kupanga bado ina miaka mingi ya kukomaa. Dada yake alikuwa anagaragara. Alikuwa na kipaji, alijua kuchagua mahali penye watazamaji. Mzee hagaragari. Hata kubembelezwa hakubali: Mzee husus­a. Anageukia ukuta, mikono nyuma, anatulia. Ukimsogelea anasogea hatua moja. Kelele za yule wa kwanza nilizijua namna ya kuzisubiri. Kususa kwa huyu kunaniumiza zaidi, na nimejifunza kwa shida kukaa sakafuni mita mbili nyuma yake bila kusema kitu, mpaka arudi kinyumenyume, bila kugeuka, aketi mapajani kwangu kama aliyefika hapo kwa bahati mbaya.

Jaribio la kioo nililifanya pia, najua, siwezi kujizuia. Ni la mwaka 1972, la Beulah Amsterdam: unampaka mtoto rangi kidogo puani bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo. Wadogo humcheka au humtazama "mtoto yule." Kuanzia kama miezi 18 hadi 24 wengi hugusa pua yao wenyewe. Mzee akiwa na miezi 20 alizunguka kutazama nyuma ya kioo. Akiwa na miezi 23 alijitazama, akagusa pua, akaangalia rangi kwenye kidole chake. Kisha akaushika mkono wangu, akaufungua, akakagua vidole vyangu kimoja kimoja.

Sasa ana miezi 31. Kwenye programu, swali la miezi 30 linauliza kama anaruka juu kwa miguu yote miwili. Nimelibofya jibu lile lile. Safari hii kuna tofauti kidogo: kwanza nimemrudisha kupimwa masikio, ni mazima, na nimemuuliza daktari kuhusu miguu, ni mizima. Ndipo nikajiruhusu.

Mlangoni kwetu kuna ngazi moja fupi, haifiki hata magoti yake. Siku ya nne leo anasimama juu yake, vidole vya miguu vikiwa vimetokeza ukingoni, anatazama chini. Dada yake amesharuka mara hamsini kumwonyesha.

"Ruka! Mzee, ruka! Ni rahisi!"

Anainama kidogo, anakunja magoti, ananyooka. Anamtazama dada yake, ananitazama mimi.

"Bado," anasema, silabi zote mbili.